Walinzi wa kompyuta: walianzaje, na tumchague yupi

Siku hizi kompyuta imeingia katika nyumba nyingi. Baba huandikia barua, watoto hutafutia masomo, mama huwekea picha za harusi na za ubatizo. Na kila anayeinunua huambiwa upesi na muuzaji au na jirani: «Usisahau kuweka programu ya kukinga virusi.» Vema. Lakini ipi? Moja hulipiwa kila mwaka, nyingine ni ya bure, ya tatu inajitangaza yenyewe kwa maandishi mekundu yanayomeremeta kwenye kioo. Hii yasema kazi yake ni kufukuza virusi, ile yasema kazi yake ni kufukuza wapelelezi. Mwenye nyumba hushika kichwa.

Sisi twaona ya kuwa matangazo ya wauzaji hayatamsaidia sana, maana kila mchuuzi husifu kapu lake. Afadhali asome historia. Tangu azaliwe mlinzi wa kwanza wa namna hiyo imepita miaka zaidi ya 50, na mambo waliyoyatenda, mema na mabaya, yameandikwa. Tena historia hiyo yaonyesha jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliwazi: mlinzi wa kompyuta hakai nje mlangoni na rungu lake. Anakaa ndani, ana funguo za vyumba vyote, anapekua kila faili inayofunguliwa. Mtu wa namna hiyo hatumwajiri kabla ya kuuliza ametoka wapi na nani anamlipa.

Tuanze mwanzoni. Mwaka 1971, huko Marekani, fundi Bob Thomas wa kampuni ya BBN alitunga programu ndogo yenye kutambaa toka kompyuta hata kompyuta katika mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti ya leo. Iliitwa Creeper. Haikuiba kitu wala kuharibu kitu. Iliandika tu maneno ya utani ya kumwalika mtu aikamate kama aweza. Mwenzake Ray Tomlinson, yeye aliyetuma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili, akatunga nyingine iitwayo Reaper, ya kuifuata na kuifuta. Ndiyo kusema: mwindaji na mnyama walitoka katika nyumba moja, na wote wawili walikuwa mchezo wa mafundi.

Jina la «kirusi» lilikuja baadaye. Mwaka 1983 mwanafunzi Fred Cohen, katika chuo kikuu cha University of Southern California, alionyesha mbele ya wenzake programu yenye kujibandika ndani ya programu nyingine na kuenea kama ugonjwa. Mwalimu wake Leonard Adleman ndiye aliyeipa jina hilo. Cohen hakuishia hapo. Alithibitisha kwa hesabu ya kuwa haiwezekani kutunga programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea kamwe. Yafaa kulikumbuka neno hilo kila tukutanapo na sanduku lililoandikwa «kinga kamili». Kinga kamili haipo. Aliyeandika hivyo hajui kazi yake, au anajua na anatudanganya.

Sasa twende Lahore, katika nchi ya Pakistani, mwaka 1986. Ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walikuwa na duka la kompyuta na walitunga programu kwa kazi za udaktari. Watu waliinakili bila kulipa. Basi ndugu hao wakatia ndani ya disketi kirusi kiitwacho Brain, kilichojificha katika sehemu ya kwanza kabisa ya disketi, ile isomwayo kompyuta inapowashwa. Ajabu ni hii: waliandika humo majina yao, anwani ya duka, na namba za simu, wakimwambia mwenye kompyuta awapigie ili apate chanjo! Hawakuwaza ya kuwa disketi zitavuka bahari. Kumbe zilivuka, zikafika Marekani na Uingereza, na simu ikalia dukani Lahore kutoka mbali. Mwaka 2011 mtaalamu mmoja wa Finland, Mikko Hyppönen, aliifuata ile anwani, akawakuta ndugu walewale mahali palepale, wakifanya kazi ya kuwapatia watu intaneti.

Kisha biashara ya walinzi ikaanza. Kampuni ya McAfee ilizaliwa Marekani mwaka 1987, na mwaka huohuo kampuni G Data ya Ujerumani ilitoa kinga kwa kompyuta za Atari. Kazi yao ilikuwa rahisi kueleza: kila kirusi kina alama yake, kama uso wa mwizi. Mlinzi anapewa kitabu cha nyuso hizo, naye anafananisha. Ndiyo maana mlinzi asiyeletewa kurasa mpya hana faida kubwa. Anawajua wezi wa mwaka jana tu. Walinzi wa siku hizi hutazama pia mwenendo: programu ikianza kufunga mafaili yote kwa siri, huisimamisha hata kama uso wake haujulikani. Lakini kitabu bado kipo, nacho sherti kifanywe kipya kila siku.

Mwezi wa kumi na mbili 1989 likatokea jambo lililoshtua hasa watu wa hospitali. Disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwa wasomaji wa gazeti moja la kompyuta na kwa watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya la Ulimwengu juu ya ugonjwa wa ukimwi. Juu yake palikuwa na maelezo ya kwamba ni mafundisho juu ya ugonjwa huo. Daktari gani, muuguzi gani asingefungua? Baada ya kompyuta kuwashwa kama mara 90, programu iliyofichwa ilificha majina ya mafaili na kuyafanya yasisomeke, kisha ikadai dola 189 zipelekwe katika sanduku la posta huko Panama. Aliyeshtakiwa alikuwa Joseph Popp, msomi wa elimu ya viumbe aliyesoma Harvard; mahakama ya Uingereza ilimwona hana akili timamu ya kusimama mbele ya hakimu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza, karatasi iliyofuatana na disketi ilisema wazi, kwa herufi ndogo, ya kuwa mtumiaji sherti alipe, na asipolipa kompyuta yake itaharibika. Watu hawakusoma. La pili, mafaili yenyewe hayakuguswa, yalibadilishwa majina tu. Fundi wa Uingereza, Jim Bates, alitunga dawa akaitoa bure. Lakini wengine walikuwa wamekwisha futa diski zao kwa hofu, na kazi yao ikapotea kwa mikono yao wenyewe.

Hofu! Hilo ndilo soko kubwa la walinzi tangu zamani. Mwaka 1991 kilionekana kirusi ambacho kingefuta diski kila tarehe 6 ya mwezi wa tatu. Wataalamu waliona ya kuwa siku hiyo ndiyo aliyozaliwa Michelangelo, yule aliyechora dari ya kanisa dogo la Sistina huko Roma, wakakiita kwa jina lake, ingawa ndani ya kirusi hapakuwa na neno lolote juu ya mchoraji huyo. Magazeti ya Marekani yakatangaza ya kuwa kompyuta mamilioni zitakufa tarehe 6 mwezi wa tatu 1992. John McAfee, mwenye kampuni ya kinga, alitajwa akisema zaweza kufika milioni 5. Watu wakakimbilia madukani. Siku ikafika, ikapita, na zilizoharibika zilikuwa maelfu tu. Hatusemi kirusi kilikuwa uwongo. Kilikuwepo na kiliuma. Lakini aliyetaja hesabu ndiye aliyekuwa anauza dawa.

Ilipofika tarehe 4 mwezi wa tano 2000, hofu ilipata sababu ya kweli. Kutoka Manila katika Ufilipino ilitoka barua pepe yenye kichwa cha kusema «Nakupenda», na waraka umefungwa ndani. Aliyeufungua alituma bila kujua barua ileile kwa kila jina lililokuwa katika daftari lake la anwani. Iliwafikia watu mamilioni kwa siku chache, kwa sababu kila mmoja aliipokea kutoka kwa mtu anayemfahamu. Kijana aliyeitunga hakuhukumiwa, maana Ufilipino haikuwa bado na sheria ya kosa hilo. Ilitungwa baadaye mwaka uleule.

Sasa tufike kwa wapelelezi, maana ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Karibu na mwaka 2000 zilianza kuenea programu za bure: za kupata nyimbo, kama ile Kazaa, za kupamba kioo, za michezo. Pamoja nazo zilikuja nyingine ambazo mtu hakuziita. Hizo hazikuharibu faili hata moja. Zilikaa kimya, zikaandika kurasa ambazo mtu anazitembelea, zikapeleka habari hizo kwa wauza matangazo. Kampuni za kinga zilisita kuzigusa. Kwa nini? Kwa sababu kirusi huingia kwa kuvunja mlango, lakini hawa walikuwa wamekaribishwa: mwenye kompyuta alibonyeza «Nakubali» chini ya maandishi marefu asiyoyasoma. Basi watu wengine wakaijaza nafasi hiyo. Programu Ad-Aware ilitoka mwaka 1999, na Spybot ya Patrick Kolla, Mjerumani, ikafuata mwaka 2000. Ndipo ikawa desturi ya kuweka walinzi wawili, mmoja kwa virusi, mwingine kwa wapelelezi.

Desturi hiyo imekwisha kupitwa na wakati. Leo programu moja nzuri hufanya kazi zote mbili. Tena kuwaweka walinzi wawili wazunguke saa zote katika nyumba moja ni kuleta ugomvi: kila mmoja humshuku mwenzake kwa kuwa anapekua mafaili, na kompyuta huenda polepole kama mgonjwa. Anayetaka macho ya pili aweza kuweka programu ya namna ile isiyozunguka, inayoitwa mara mojamoja tu kupekua diski, kisha ikalala.

Wapelelezi wengine walitoka katika nyumba zenye heshima. Mwaka 2005 kampuni Sony BMG iliuza sahani za muziki, majina 52, ambazo zikitiwa katika kompyuta ziliweka programu iliyojificha ndani kabisa ya Windows ili kuzuia watu wasinakili nyimbo. Maficho hayo yangeweza kutumiwa na wezi wengine, na kweli walijaribu. Fundi Mark Russinovich alilitangaza jambo hilo tarehe 31 mwezi wa kumi 2005, na sahani zikarudishwa. Lakini kabla ya hapo, kompyuta nyingi zenye walinzi wa kulipiwa zilikaa miezi na mgeni huyo bila kuambiwa neno. Mwizi mwenye koti zuri hupita mbele ya askari bila kuulizwa kibali.

Halafu wakaja walinzi wa uwongo, ambao kwa maoni yetu ni wabaya kupita virusi. Mtu anasoma ukurasa wa intaneti, ghafula dirisha latokea: «Kompyuta yako ina virusi! Bonyeza hapa!» Hakuna aliyepekua chochote, ni picha tu iliyochorwa ifanane na upekuzi. Akibonyeza, anaambiwa alipe dola 39.95 au zaidi. WinFixer, DriveCleaner, XP Antivirus, hayo yalikuwa majina ya baadhi yao. Mwaka 2008 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliwashtaki waliofanya kazi hiyo, ikisema watu zaidi ya milioni moja wamedanganywa. Mwaka 2012 mahakama iliamuru dola milioni 163 zilipwe. Basi nyumbani kwetu tuwe na sheria moja, na watoto waifahamu: ukurasa wa intaneti hauwezi kujua ndani ya diski yetu mna nini. Onyo likitoka huko, tunafunga dirisha, hatubonyezi.

Na walinzi wa kweli je? Nao wana makosa yao. Tarehe 21 mwezi wa nne 2010, McAfee ilipeleka ukurasa mpya wa kitabu chake, na ukurasa huo ulidai ya kuwa faili moja ya Windows XP yenyewe ni kirusi. Mlinzi akaitoa, na kompyuta kwa maelfu, zikiwemo za hospitali, zikashindwa kufanya kazi. Hiyo ni bahati mbaya. Lililotokea kwa Avast ni jambo jingine. Avast, iliyoanza huko Prague, ilipendwa na watu mamilioni kwa sababu ilikuwa ya bure na ilishika virusi vema. Mwezi wa kwanza 2020 waandishi wa habari walifunua ya kuwa tawi lake, Jumpshot, liliuza habari za kurasa ambazo watumiaji walizitembelea. Mlinzi aliyekuwa akiahidi kuwazuia wapelelezi alikuwa mwenyewe akipeleleza! Jumpshot ikafungwa, na mwaka 2024 tume ileile ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5 na kuikataza kuuza habari za namna hiyo kwa wauza matangazo.

Twaona hapo kiini cha jambo. Cha bure si kibaya kwa kuwa ni cha bure, wala cha kulipiwa si chema kwa kuwa kinalipiwa. Swali ni hili: mlinzi huyu anakula nini? Kama halipwi na sisi, nani anamlipa, na kwa nini? Mara nyingine jibu ni zuri: kampuni hutoa programu ndogo bure ili wengine wanunue iliyo kubwa. Mara nyingine jibu ni Jumpshot. Yafaa pia kujua majina mengi madukani yaweza kuwa na baba mmoja. Norton, Avast, AVG na Avira, yote manne ni mali ya kampuni moja, Gen Digital.

Serikali nazo huuliza swali hilo kwa namna yao. Mwezi wa sita 2024 Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwa programu za Kaspersky, kampuni ya Moscow, kwa kuogopa ya kuwa serikali ya Urusi yaweza kuilazimisha itumie zile funguo zake. Kampuni ilikana. Hatuwezi kuwaamulia wasomaji katika ugomvi wa mataifa, ila waone ya kuwa hata serikali kubwa inamwogopa mlinzi kwa sababu yuko ndani.

Basi, anayetaka kuchagua leo aanzie wapi? Sisi tungemwambia aanze kwa kutazama alichonacho. Mwezi wa kumi na mbili 2004 Microsoft ilinunua kampuni ndogo iitwayo GIANT, iliyokuwa na programu ya kufukuza wapelelezi. Ikawa Windows Defender, na tangu Windows 8, mwaka 2012, Defender ni mlinzi kamili, wa virusi na wa wapelelezi, aliyemo ndani ya kompyuta tangu siku ya kununuliwa. Hapo mwanzo wapimaji walimcheka. Hawamcheki tena: katika majaribio ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, amepata mara nyingi alama zinazosimama pamoja na wale wa kulipiwa. Kwa nyumba ya kawaida anatosha. Fedha ya mwaka ya mlinzi mwingine ingefaa zaidi kununua diski ya nje, na kunakilia humo picha na barua zote, kisha kuichomoa na kuifungia kabatini. Aliyekuwa na nakala mwaka 1989 hakuwa na haja ya kutuma dola Panama.

Akitaka kununua hata hivyo, asome majaribio ya karibuni ya nyumba hizo mbili. Asitazame tu virusi vingapi vilikamatwa, maana karibu wote hukamata vingi. Atazame mara ngapi mlinzi alipiga kelele bure, na kompyuta ilipunguza mwendo kiasi gani. Kwa kompyuta nzee jambo la mwisho ndilo zito. Programu yenyewe aichukue katika ukurasa wa kampuni iliyoitunga. Asikubali ya kunakiliwa katika flashi ya rafiki wala iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya Kazaa iliyorudi na jina jingine. Na ile flashi iliyotoka mahali pa kuchapishia karatasi mjini ipekuliwe kwanza, kabla ya kufunguliwa.

Twajua neno ambalo wengi watasema: megabaiti ni ghali, na mlinzi huzila kwa kuleta kurasa zake kila siku. Ni kweli. Watu huzima matengenezo ili wabaki na intaneti ya kusoma ujumbe. Tarehe 12 mwezi wa tano 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha kuziba tundu hilo Microsoft ilikuwa imekitoa tarehe 14 mwezi wa tatu, karibu miezi miwili kabla. Megabaiti za kiraka zilikuwa bei ndogo.

Ndiyo sababu mwenye Windows 10 asitulie sana. Microsoft iliacha kuitengeneza tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, isipokuwa kwa wale walioandikishwa katika mpango wa nyongeza. Defender ndani yake imeahidiwa kuletewa kurasa za wezi wapya hata mwezi wa kumi 2028. Mlinzi ataendelea kuzunguka, lakini ukuta wenyewe hauzibwi tena nyufa. Kama kompyuta yaweza kupokea Windows 11, ipewe. Kama haiwezi, na bado ni nzima, kuna Linux, ambayo ni ya bure na hufanya kazi vema katika kompyuta nyingi nzee. Fundi mwenye subira aweza kuiweka kwa nusu siku, baada ya kunakili picha za harusi.